Ndoo ya Chumvi na Tangi la Matumbawe



Ndugu wasomaji, safu hii ilikuwa iendelee na suala la mahari na gharama za harusi, kama nilivyoahidi Ijumaa iliyopita. Naomba radhi kuliahirisha kwa wiki moja. Siku ya Jumatatu, baada ya swala ya Alasiri, nilipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa dada yangu mkubwa aliyeolewa Maskati, nao ulikuwa mrefu kuliko kawaida yake. "Ndugu yangu," alisema, "nyumba haikaliki kwa sababu ya ndoo ya chumvi. Baba na mwanawe hawasemezani siku ya nne leo. Wewe ndiye uliyempa kijana moyo, basi njoo uamue."

Alilolisema ni kweli. Miaka miwili iliyopita mpwa wangu, ambaye sasa ana umri wa miaka 15, aliponieleza kuwa anatamani kufuga matumbawe ndani ya tangi la kioo, mimi nilimuunga mkono mbele ya wazazi wake. Nilisoma masomo ya sayansi sekondari kabla ya kwenda chuo cha Kiislamu, na mapenzi ya kemia hayakunitoka. Tena kazi ya ukatibu wa kamati ya msikiti imenifunza mambo ya maji kuliko nilivyotarajia. Kisima chetu hutoa maji ya chumvichumvi, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitembea na kidude cha kupimia maji mfukoni kama vile wengine wanavyotembea na tasbihi. Kwa hiyo kesi hii sikuweza kuikwepa.

Kisa chenyewe ni hiki. Tangi la kijana lina lita 200. Ndani yake mna samaki watano wadogo, matumbawe laini ya aina mbili tatu, na matumbawe magumu yenye matawi ya jamii ya Acropora, ambayo alinunua yakiwa vipande vya kidole na kuyakuza kwa mwaka na nusu. Muda wote huo alitumia chumvi ya aina moja, ya kawaida, na kila wiki alibadilisha lita 20 za maji. Baada ya Idd, akiwa na fedha alizopewa na jamaa, alikwenda dukani akanunua ndoo kubwa ya chumvi nyingine, ghali zaidi, iliyoandikwa kuwa imeongezewa nguvu kwa ajili ya matumbawe. Kwa furaha ya ndoo mpya akabadilisha nusu nzima ya maji kwa siku moja. Siku ya tatu ncha za matawi zilikuwa nyeupe kama chaki. Wiki ya pili, makoloni mawili makubwa yalikuwa yamekufa.

Kijana anasema ameuziwa chumvi mbovu. Baba anasema ubovu upo kwenye akili ya mtu anayenunua chumvi ilhali bahari ipo mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni. Ameamuru ama maji yachotwe baharini, ama tangi ligawiwe. Nimewasikiliza wote wawili kwa simu, kila mmoja kwa wakati wake. Hukumu yangu ni kwamba chumvi ile haikuwa mbovu hata kidogo, na kuinunua chumvi si upumbavu. Kosa ni kwamba chumvi ilichaguliwa kwa kusoma maandishi ya ndoo, pasipo kulitazama tangi. Kwa kuwa najua wapo wasomaji wetu, huku pwani na ng'ambo, ambao watoto wao wana mapenzi kama haya, nimeona nieleze kwa kirefu.

Nianze na shemeji yangu, kwani hoja yake ina uzito kuliko vijana wanavyodhani. Tumbawe ni mnyama, na mnyama huyu ameumbwa kwa maji ya bahari. Ni maji gani basi yatakayomfaa zaidi? Mwaka 1961, mfugaji wa Jakarta aitwaye Lee Chin Eng aliushangaza ulimwengu wa wapenzi wa samaki kwa kueleza namna alivyokuwa akiishi na matumbawe hai ndani ya matangi yake. Alitumia maji ya bahari, mawe hai kutoka mwambani, mwanga, na mapovu ya hewa. Hakuwa na chumvi ya ndoo. Hata leo majumba mengi ya maonyesho ya samaki yaliyojengwa kando ya bahari huvuta maji yao moja kwa moja kutoka baharini.

Lakini majumba hayo huvuta maji hayo kwa mabomba, huyachuja, na huyapima kila siku. Shemeji atakwenda na madumu. Maji ya ufukweni karibu na mji si maji ya mwambani. Yana mafuta ya boti, yana yaliyotoka mitaroni, na huku kwetu wakati wa masika huwa yamepungua chumvi kwa sababu ya mito. Na bahari ya Oman nayo ina tabia zake. Wakazi wa Maskati hawajasahau mwaka 2008 kuingia 2009, pale vimelea vidogo vya majini vilipozaliana kupita kiasi hadi bahari ikageuka rangi ya kutu kwa miezi. Samaki walikufa kwa wingi, matumbawe yaliangamia katika baadhi ya sehemu za ghuba, na mitambo ya kusafisha maji ya bahari kuwa ya kunywa ililazimika kusimama. Mtu aliyekuwa akijaza tangi lake kwa dumu wiki ile angeyaingiza maafa hayo sebuleni kwa mikono yake. Fauka ya hayo, maji ya pale yana chumvi kiasi cha gramu 37 katika kila kilo ya maji, ilhali kiwango cha kawaida cha bahari kuu, ambacho wafugaji wengi hukifuata, ni gramu 35. Kila lita 20 zingehitaji kuongezewa takribani lita moja ya maji matamu yaliyo safi. Si kazi ngumu, lakini anayesema "chota tu baharini" aijue.

Simpingi shemeji kabisa. Aliye na boti, akachota mbali na pwani wakati bahari ni safi, akayachuja na kuyahifadhi gizani, atakuwa na maji mazuri. Asiye na boti anunue chumvi.

Dada naye aliniuliza swali ambalo nadhani kila mama atauliza: kwa nini isitumike chumvi ya jikoni, au angalau ile chumvi ya mawe inayotoka baharini? Chumvi ya jikoni ni kloridi ya sodiamu peke yake, pamoja na madini joto yaliyoongezwa kwa afya zetu. Hapo hakuna mjadala. Chumvi ya mawe ndiyo yenye somo zuri, na sisi wa pwani tunaweza kulielewa kuliko wengi.

Waliowahi kupita kwenye mashamba ya chumvi, Bagamoyo au Gongoni kule Kenya, wameona jinsi maji ya bahari yanavyoingizwa kwenye majaruba na kuachiwa jua. Kadiri maji yanavyokauka, madini hayatuami kwa pamoja, bali kila moja kwa zamu yake. Kwanza hutua kaboneti ya kalsiamu, kisha jasi, ambayo nayo ina kalsiamu. Maji yanapobaki kiasi cha sehemu moja ya kumi ndipo chumvi tunayoijua huanza kuganda. Na mkulima wa chumvi hangoji yakauke yote. Maji ya mwisho, mazito na machungu, huyamwaga, maana ndiyo yaliyobeba magnesiamu na potasiamu, na yakikauka humo chumvi huwa chungu na hunyonya unyevu. Kwa hiyo kilo ya chumvi ya mawe imetoka baharini kweli, lakini kalsiamu imeachwa njiani mwanzoni na magnesiamu imemwagwa mwishoni. Tumbawe linahitaji vyote viwili. Ukiyeyusha chumvi hiyo katika maji hupati bahari tena.

Chumvi ya ndoo inayouzwa kwa ajili ya matangi ni jaribio la kuviunganisha tena vilivyotawanywa. Jaribio hilo si la jana. Mwaka 1854 Mwingereza Philip Henry Gosse, aliyekuwa London mbali na bahari safi, alichapisha kichocheo chake cha maji ya bahari ya kutengeneza: chumvi ya kula, chumvi ya haluli, kloridi ya magnesiamu na kloridi ya potasiamu. Alifuga wanyama wadogo wa pwani kwa maji hayo. Mtaona kuwa kalsiamu hakuitia. Hakuwa akifuga matumbawe ya kujenga miamba.

Kilichowezesha kazi hii kufanyika kwa uhakika ni jambo moja la ajabu katika maumbile ya bahari. Meli ya Challenger ilizunguka dunia kuanzia 1872 hadi 1876, na sampuli 77 za maji yake zilipimwa na mkemia Wilhelm Dittmar, aliyetoa matokeo yake mwaka 1884. Aligundua, kwa ushahidi kuliko waliomtangulia, kwamba ingawa chumvi huzidi hapa na kupungua pale, uwiano baina ya madini makuu hubaki karibu vilevile katika bahari zote kuu. Yaani bahari ya Hindi na ya Atlantiki zina mapishi mamoja. Kinachotofautiana ni wingi wa maji tu. Katika chumvi ya gramu 35, kalsiamu huwa kiasi cha miligramu 410 hadi 420 kwa lita, magnesiamu kiasi cha 1,300, potasiamu karibu na 400, na ualkali wake ni kiasi cha digrii 7, ambazo kwenye vifaa vya kupimia huandikwa dKH.

Hilo neno la mwisho ndilo kiini cha kesi yetu, na naomba msomaji anivumilie kidogo hapa. Ualkali ni uwezo wa maji kupokea asidi bila kubadilika tabia kwa haraka. Katika maji ya bahari sehemu yake kubwa ni bikaboneti na kaboneti. Tumbawe gumu hujenga mifupa yake kwa kuunganisha kalsiamu na kaboneti, na huvichukua vitu hivyo kwa mizani isiyobadilika: kila ualkali unaposhuka kwa digrii 1 kwa sababu ya ujenzi huo, kalsiamu hushuka kwa takribani miligramu 7 tu kwa lita. Linganisheni sasa. Digrii 1 katika 7 ni sehemu kubwa ya akiba. Miligramu 7 katika 420 hata kipimo cha matone cha nyumbani hakitaiona. Ndiyo maana tangi lenye matumbawe mengi linaweza kuishiwa ualkali ndani ya siku chache huku kalsiamu ikionekana haijaguswa. Na ndiyo maana anayechagua chumvi aanze kwa kuuliza ualkali wake, hayo mengine yafuate.

Watengenezaji hawakubaliani juu ya kiwango hiki, na kila mmoja ana hoja. Wapo wanaoiga bahari kwa karibu, wakaweka digrii 7 au 8. Chumvi ya Tropic Marin Pro-Reef ya Ujerumani ni ya mkondo huo. Wapo wanaozidisha kwa makusudi. Kampuni inayotengeneza Instant Ocean, ambayo imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1960, hutengeneza pia Reef Crystals iliyoongezewa kalsiamu na vinginevyo, na hiyo aghalabu hupita digrii 10. Sokoni zipo zinazofika 12. Wanaozidisha hufikiria mtu ambaye haongezi kitu chochote tanginimwe baina ya siku moja ya kubadilisha maji na nyingine. Kwa mtu huyo maji mapya ndiyo chakula pekee cha mifupa ya matumbawe yake, kwa hiyo ni haki yawe na akiba ya ziada. Wanaoiga bahari hufikiria mtu anayeongeza kalsiamu na ualkali kila siku kwa vipimo, kwa matone au kwa mashine. Huyo hahitaji akiba ndani ya chumvi, anahitaji maji mapya yasimvurugie hesabu zake.

Basi swali la kwanza la mnunuzi halihusu chumvi. Ni hili: wewe hufanya nini katika siku sita ambazo hubadilishi maji? Mwenye samaki na matumbawe laini tu, ambayo hayajengi mifupa mikubwa, anaweza kuchukua chumvi yoyote ya kampuni inayoaminika, ya bei nafuu, na asinunue sifa asizozihitaji. Mwenye matumbawe magumu machache na asiyeongeza kitu, achukue iliyozidishwa. Mwenye matumbawe magumu mengi na anayeongeza kila siku, achukue iliyo karibu na kiwango anachokishikilia tanginimwe, iwe 7 au 8 au 9.

Mpwa wangu ni wa kundi la tatu, akanunua chumvi ya kundi la pili. Alikuwa akiongeza matone kila asubuhi kabla ya kwenda shule, na daftari lake, ambalo nimelisoma kwa picha ukurasa kwa ukurasa, linaonyesha digrii 8 kwa miezi kumi na minne. Nililisoma kwa fahari, nakiri. Chumvi mpya, alipoipima kwa amri yangu wiki hii, ilionyesha 12. Hesabu iliyobaki ni ya mtoto wa darasa la saba. Angebadilisha lita zake 20 za kawaida, yaani sehemu moja ya kumi, tangi lingepanda kutoka 8 hadi 8.4, na matumbawe yasingejua. Alibadilisha nusu. Nusu ya 8 na nusu ya 12 ni 10. Digrii mbili kwa saa moja, ilhali wafugaji wazoefu huonya usipite digrii 1 kwa siku nzima. Na matone ya asubuhi aliendelea kuyatia vilevile! Acropora, hasa katika maji yenye virutubisho haba kama yake, zinajulikana kuungua ncha ualkali unaporuka namna hiyo.

Nilipomweleza, alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Kwa hiyo mjomba, ni mimi." Nikamjibu kuwa ni yeye, na ni mimi pia, kwani nilimfundisha kupima maji ya tangi na sikumfundisha kupima maji ya ndoo kabla hayajaingia. Wanyama hawa hawawezi kuhama wala kulalamika. Tukishawaingiza nyumbani wamekuwa amana yetu, na kipimo cha dakika tano si kitu kikubwa kudaiwa.

Juu ya kupima ndoo, nina mambo machache ya kusisitiza. Namba zilizochapishwa kwenye kibandiko ni za chumvi iliyochanganywa kufikia kiwango fulani, mara nyingi gramu 35. Ukichanganya nyepesi kila kitu kitashuka pamoja. Kwa hiyo pima kwanza chumvi ya maji, na rifraktomita irekebishwe kwa maji ya kipimo ya gramu 35, maana ile inayorekebishwa kwa maji matamu inaweza kusema uongo pale hasa unapoihitaji. Haidromita za plastiki zenye mshale sizipendi. Kisha pima ualkali, kalsiamu na magnesiamu, uandike pamoja na namba ya fungu iliyopigwa kwenye ndoo, kwani hata chapa moja hutofautiana fungu kwa fungu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti Marlin Atkinson na Craig Bingman walizipima chapa kadhaa na kuzilinganisha na bahari. Madini makuu yalikaribiana, lakini yale yaliyomo kwa uchache sana yalikuwa mbali na kiwango cha bahari. Mtengenezaji anayejisifu kuwa chumvi yake "ni bahari yenyewe" asikilizwe kwa staha, lakini asiaminiwe moja kwa moja.

Kuna na hila ya ndoo yenyewe. Katika safari ya meli na lori, punje nzito na nyepesi hutengana, kama unga na pumba. Anayechota juu wiki ya kwanza na chini wiki ya kumi anatumia chumvi mbili tofauti bila kujua. Ndoo mpya ilazwe na kuviringishwa sakafuni kabla ya kufunguliwa. Na Maskati katika miezi ya joto, pale unyevu wa baharini unapolowesha hadi kuta, ndoo isiachwe wazi: kloridi za magnesiamu na kalsiamu hunyonya maji ya hewani, chumvi ikawa mabonge, na hapo gramu unazopima zina maji ndani yake. Dada ameahidi kumpa mwanawe nafasi kwenye chumba chenye kiyoyozi, penye magunia ya mchele. Naona huo ni msamaha mkubwa.

Maji ya kuchanganyia ni nusu ya shughuli. Ya bomba ya Maskati hutokana na bahari iliyosafishwa, lakini baada ya kusafishwa huongezewa madini na klorini ili yafae kunywewa, kisha hupita kwenye mabomba na matangi ya darini. Shaba kidogo kutoka kwenye bomba hatuihisi, ila kwa wanyama wasio na uti wa mgongo ni sumu. Kijana anacho chujio chenye utando na resini, na kidude cha kupimia husoma sifuri. Hapo sina la kuongeza. Chumvi itiwe kwenye maji, yasimiminwe maji juu ya chumvi, maana lundo la chumvi likilowa kidogo kidogo kalsiamu na kaboneti hukutana kwa wingi, zikaganda na kutuama kama vumbi jeupe. Hilo likitokea namba zimeshapotea na hazirudi. Maji yazungushwe kwa pampu, joto liwe la tangi bila kupita, na yaachwe mpaka yawe maangavu. Chumvi zenye ualkali mkubwa zisiwekwe siku nyingi zikiwa zimechanganywa, kwani huanza kuacha utando kwenye pipa. Na yale maji yanayopungua tangini kwa mvuke yajazwe kwa maji matamu pekee, kwa kuwa chumvi haiondoki na mvuke.

Shemeji alitaka kujua gharama, na hiyo ni haki yake. Lita 20 kwa wiki, kwa kiasi cha gramu 38 za chumvi kwa lita, ni gramu 760. Kwa mwaka ni karibu kilo 40, yaani ndoo mbili za kilo 20. Nilimwomba alinganishe na mafuta ya gari ya safari 52 za kwenda kuchota maji safi mbali na mji, pamoja na Ijumaa zake. Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze. Kisha akasema lililokuwa likimuuma hasa. Kijana alitupa fedha za sikukuu kwenye kitu ambacho tayari alikuwa nacho, kwa sababu tu ndoo ilikuwa nzuri zaidi, na yeye kama baba anaogopa tabia hiyo kuliko anavyoogopa bei ya chumvi. Hapo sikuwa na la kubisha, na nilimwambia mpwa wangu akiwa anasikia.

Ndoo ile ghali haitatupwa. Tumekubaliana itumike taratibu: sehemu moja ya chumvi mpya kwa tatu za ile ya zamani, lita 20 kwa wiki bila kuzidi. Kwa mchanganyiko huo maji mapya yatasoma kiasi cha digrii 9, na tangi litapanda kwa sehemu moja tu ya kumi ya digrii, ambayo kijana ataifidia kwa kupunguza matone yake ya asubuhi. Ikiisha atarudi kwenye chumvi yake ya kawaida. Vile vipande vya Acropora vilivyokuwa na uhai chini ya ncha zilizokufa amevikata na kuvibandika upya kwenye mawe, viko saba.

Jana usiku alinitumia picha ya ukurasa mpya wa daftari. Ualkali wa tangi 8.1, wa maji mapya 9.0, chumvi 35. Mwandiko wa namba ya mwisho haukuwa wake. Nilipouliza, akasema baba yake ndiye aliyeshika rifraktomita, na kwamba amemtaka asome mara mbili kwa kuwa hakuiamini mara ya kwanza.

Suala la mahari tutaliendea Ijumaa ijayo, inshaallah. Wassalaam.